Tahadhari Aliyoinyamazisha Hezekia Wangwe

Hezekia Wangwe alikuwa fundi wa mitandao mjini Tarime, na waliomfahamu walimhesabu miongoni mwa watu wa kuaminika. Hakunywa pombe, hakuchelewa kazini, na alivaa shati lililopigwa pasi hata siku za kwenda migodini, ambako vumbi jekundu halimheshimu mtu. Ninaandika habari zake kwa sababu ya jambo alilolifanya Nyangoto, kijiji cha Nyamongo, katika miaka ile ambayo Nyamongo yote ilikuwa ikichimbwa na kila mwenye sururu aliota kuupata mwamba. Wapo wanaosema jambo lile lilikuwa dogo. Halikuwa dogo, na yeye mwenyewe hasemi hivyo.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa ya Faridu, mfanyabiashara ambaye baba yake alitoka Tanga akafungua duka la vitambaa Tarime. Faridu aliviacha vitambaa, akauza kompyuta, kamera na vifaa vya mtandao kwa watu ambao dhahabu ilikuwa imewapa mali na hofu kwa wakati mmoja. Kifaa kilichotoka sana dukani kwake kilikuwa kisanduku cha chuma, ukubwa wa redio ya mezani, ambacho mafundi wanakiita faiawoli. Kila kinachoingia na kutoka kwenye mtandao wa ofisi hupita ndani yake, hukaguliwa, kisha huruhusiwa au hukataliwa. Wachimbaji walikiita mlinzi wa chuma, na jina hilo lilitosha.

Mlinzi huyo ana vitu viwili vya kuangaliwa. Ana kumbukumbu, ambayo ni kama meza yake ya kazi: kila anachokikagua lazima kwanza akiweke mezani. Tena ana diski, ambayo ni kama stoo: humo huandika yote aliyoyaona, nani kapita na nani kakataliwa. Stoo ikijaa, vitu hubaki mezani. Meza nayo ikijaa, mlinzi hampokei tena mgeni mpya, awe mwema au mbaya. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya chai, Hezekia alifungua kompyuta yake akavipitia visanduku vya wateja wote, kimoja baada ya kingine, akitazama meza imejaa kiasi gani na stoo imejaa kiasi gani. Alikuwa ameweka kikomo. Kumbukumbu ikifika asilimia themanini, simu yake inalia, popote alipo.

"Wewe Hezekia unawapima hawa kama nesi wa kliniki," Faridu alikuwa akimtania. "Mtoto kaongezeka, mtoto kapungua."

"Acha nipime, bosi. Wewe uza."

Na ni kweli alikuwa hodari. Mara nyingi alimpigia mteja simu kumwambia kifaa chake kinaelekea kujaa wakati mteja mwenyewe hajaona dalili yoyote. Alisifiwa kwa hilo, akazizoea sifa, na nadhani hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Chama cha wachimbaji wadogo cha Nyangoto kilinunua mlinzi wa chuma baada ya virusi kuzifunga kompyuta zao zote. Ofisi yao ilikuwa chumba cha mabati. Mwenyekiti, Mzee Kisyeri, alikataa kabisa kifaa kile kikae humo. Alitaka kiwe nyumbani kwake, nyumba ya matofali iliyopakana na ofisi, katika stoo ndogo ya ndani. Stoo hiyo ilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango huo ulipitia chumba cha kulala cha mke wake, Mama Mokami.

"Hebu aje huyo mwizi," alisema mzee akicheka, "apite hapo kwa mke wangu tuone atatoka na meno mangapi."

Hezekia alikifunga kwa mikono yake mwenyewe. Waya aliupitisha darini, na binti wa nyumba hiyo, Leonida, ndiye aliyemshikia ngazi. Wakazungumza. Wakaendelea kuzungumza kwa simu. Mwaka uliofuata ng'ombe walifika kwa Mzee Kisyeri na Leonida akawa mke wa Hezekia.

Siku hiyo mlango ule ulifungwa kwake. Kwa Wakurya, kati ya mkwe na mama mkwe kuna soni. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Mkwe akifika nyumbani hukaa sebuleni pale alipoonyeshwa. Chumba cha mama mkwe hakitaji, sembuse kukikanyaga. Mimi siicheki mila hiyo, imezuia mabaya mengi katika nyumba nyingi. Naitaja kwa sababu Hezekia aliigeuza kuwa shuka la kujifunika.

Diski ya Nyangoto ilianza kufa mwanzoni mwa masika. Hezekia aliona kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa kuwa kuona ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alifuta maandishi ya zamani kutoka Tarime kupitia kompyuta. Stoo ikapata nafasi kidogo, kisha ikajaa tena upesi kuliko ilivyostahili. Sehemu ya diski ilikuwa haiandikiki tena. Kilichoshindwa kuandikwa kikabaki mezani, na kumbukumbu ikaanza kupanda. Dawa ilijulikana: kutoa diski mbovu na kuweka mpya, kwa mkono, ndani ya stoo ile. Kukizima kifaa na kukiwasha kutoka mbali kungepunguza mzigo kwa siku chache tu, na huenda diski mbovu isingeamka. Isipoamka, lazima mtu aingie. Basi Hezekia aliogopa hata kukizima.

Alipoarifiwa kwamba diski imekufa, Faridu aliagiza mpya kutoka Mwanza. Ilipofika, aliandika juu ya boksi lake NYANGOTO kwa kalamu nene, akampa. Baada ya siku kadhaa akamuuliza:

"Ile ya Nyangoto umeshaifunga?"

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Hezekia angeweza kusema, "Bosi, kile kifaa kiko chumba cha mama mkwe wangu, siwezi kuingia." Faridu angecheka, ndiyo. Angecheka sana, kisha angemwita fundi mwingine kutoka Musoma, au angempigia Mzee Kisyeri kuomba kisanduku kihamishwe. Aibu yote ingekwisha hapohapo.

"Nimeifunga, bosi," Hezekia alisema. "Inakwenda vizuri."

Diski ilikuwa kwenye mfuko wa begi lake. Alikuwa amejijengea jina la fundi asiyeshindwa na kitu, akaona haya kukiri kwamba ameshindwa na mlango. Kwa kuiogopa haya hiyo ndogo alijitia katika nyingine ambayo hakuujua ukubwa wake.

Simu ikawa inalia. Ililia akiwa kwa kinyozi, ikalia akiwa kanisani wakati wa mahubiri, na Leonida akamkanyaga mguu ili aizime. Kumbukumbu ya Nyangoto ilikuwa imevuka kikomo. Hezekia alikipandisha kikomo hadi asilimia tisini. Ilipolia tena, akakipandisha hadi tisini na tano. Mwisho akaizima kabisa tahadhari ya Nyangoto, hiyo moja tu, akaziacha nyingine zote zikifanya kazi. Asubuhi aliendelea kuvipima visanduku vya wateja kama kawaida, ila akifika kwenye mstari wa Nyangoto alipitisha macho haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya aliyegombana naye.

Chama kilikuwa na mwalo wake, mahali mawe ya dhahabu yanaposagwa na kuoshwa, na hapo palikuwa na banda la kuhifadhia viroba vya mawe yanayosubiri zamu. Kamera mbili zilitazama banda hilo. Picha zake zilipitia kwa mlinzi wa chuma nyumbani kwa mzee hadi kwenye kompyuta ya Faridu mjini Tarime. Palikuwapo pia mlinzi wa nyama na damu. Aliitwa Maduhu, Msukuma wa Bariadi. Alikuja Nyamongo kuchimba, jiwe likamvunja mguu shimoni, na chama kikampa koti na rungu. Watu walimpenda kwa maneno yake.

"Mimi na lile sanduku la mzee tumegawana kazi," alikuwa akisema. "Lenyewe linaona, mimi napiga kelele. Kukimbia hatukimbii, mimi wala lenyewe."

Asubuhi moja viroba vilikutwa havipo, tena vile vilivyotoka kwenye mwamba mzuri. Maduhu alisema mbwa walibweka sana upande wa mashine, akaenda kuangalia, na aliporudi hakuona tofauti mpaka kulipokucha. Watu wakasema hakuna haja ya kubishana, picha zitazungumza. Picha zilipotafutwa zilikuwa zimekoma tangu jioni. Swichi ya kamera ilikuwa hatua chache kutoka kwenye kibanda cha Maduhu.

Hezekia alielewa yote kabla hajamaliza kuusoma ujumbe ulioleta habari hizo. Jioni ile umeme ulikatika kidogo kule mwaloni. Kisanduku kilikuwa na betri yake, hakikuzimika. Umeme uliporudi, kamera ziliamka zikaomba kupita, na mlinzi wa chuma, meza yake ikiwa imejaa pomoni, akazikataa kama alivyotengenezwa akatae. Hakuna aliyezima kitu. Mtu mmoja tu duniani alilijua hilo.

Mzee Kisyeri alimwita. Sebuleni walikuwa wamekaa viongozi wa chama, na katikati yao Mniko, katibu, mtu mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkwe wangu. Keti. Nilikuwa nawaambia wenzangu, ya nini kuulizana barabarani wakati fundi tunaye nyumbani?"

Mniko hakusubiri chai. "Mura," alisema, akimwita kijana kwa Kikurya, "tuambie bila kuzungukazunguka. Kamera inaweza kujizima yenyewe?"

Hezekia alitazama pazia lililotenganisha sebule na vyumba vya ndani, akaondoa macho haraka.

"Kamera haijizimi yenyewe," alisema.

"Haya! Mmesikia?" Mniko alipiga paja. "Nilisema mimi! Yule Maduhu ameizima, akawafungulia wenzake."

"Lakini mimi sikusema kwamba..."

"Wewe umesema la utaalamu, mura. Hayo mengine tuachie sisi."

Chai ikaletwa. Hezekia akainywa.

Nimewasikia watu wakimtetea kwamba hakusema uongo pale, kwa kuwa ni kweli kamera haijizimi. Mimi nasema ulikuwa uongo, na ulikuwa mbaya kuliko ule aliomwambia Faridu. Wa Faridu ulificha uzembe. Huu ulimkabidhi mtu kwa waliokuwa wakimtafuta, tena kwa maneno yaliyonyooka kiasi kwamba msemaji angeweza kuapa juu yake.

Siku hiyohiyo Maduhu alipigwa. Alikuwa amekwenda sokoni Kewanja kununua unga, mtu akaita "mwizi wa viroba," na wengine hawakungoja kusikia zaidi. Alijikokota hadi Kerende kwenye mwalo wa rafiki yake kuomba hifadhi, na huko nako wakamzomea, wakamfukuza kwa mawe madogomadogo. Ikatangazwa kwamba Jumamosi kutakuwa na ritongo, mkutano wa wazee wa mila na wanaume wa vijiji, kumjadili. Anayefukuzwa na ritongo kwa wizi wa dhahabu haondoki kama abiria. Kila mtu Nyamongo anajua hivyo, na Hezekia alijua.

Alhamisi mchana Leonida alikuwa akitafuta chaja kwenye begi la mume wake. Akatoa boksi.

"Hii imeandikwa Nyangoto."

Hezekia alikuwa anakula. Aliacha kutafuna.

"Hezekia. Si ndiyo ile uliyosema umeifunga? Ulimwambia Faridu mbele yangu, siku ile alipokuja na mke wake."

"Ndiyo hiyo."

"Sasa mle ndani mna nini?"

"Mna ile ya zamani. Imekufa." Kisha akamweleza yote, kumbukumbu, kikomo, kamera, huku akiitazama sahani. Alipomaliza akasema, "Sikuweza kuingia, Leo. Unajua ile stoo iko wapi."

"Najua. Nimelala mle utoto wangu wote." Leonida aliweka boksi mezani. "Ungesema."

"Ningemwambia mzee nini? Nianze kumtajia chumba cha mama?"

"Ungeniambia mimi! Mimi nina soni gani na mama yangu mzazi? Ningeingia, ningekichomoa, ningekuletea hapo nje ukae na bisibisi zako. Hukulifikiria hilo?"

Alikuwa amelifikiria. Alilifikiria siku ileile aliyomdanganya Faridu. Lakini kumtuma Leonida kungemlazimu kumwambia kwamba Faridu amedanganywa, na hilo ndilo alilokuwa akilikimbia. Mke wake akalisoma jibu usoni kwake.

"Kumbe," alisema taratibu. "Unamsimamisha mama yangu mlangoni ili wewe usionekane. Yule mama hajui hata jina la kile kidude. Kila Jumapili anakibadilishia kitambaa cha kufuma, anasema ni kazi ya mkwe. Na huyo Msukuma?"

"Labda watamtoza faini tu."

"Hao ni baba zangu. Usinifundishe mimi watakachofanya."

Ijumaa walikwenda Nyangoto pamoja. Hezekia alisimama nje, nyuma ya ukuta wa uani, kama inavyompasa mkwe. Leonida akaingia. Sauti zilimfikia kupitia dirishani.

"Hiki tu?" ilikuwa sauti ya Mama Mokami. "Kichukueni. Kinanguruma kama paka aliyeshiba, kinanikosesha usingizi. Ningekuwa nimeshakitoa zamani, nikaogopa kumkosea mkwe."

"Fundi alikuwa anaona haya kusema, mama."

"Haya ya nini? Mimi ningekwenda shambani siku hiyo, mngeingia mkang'oa hata dari. Kwani mila imesema watu wasiambiane?"

Hezekia alisikia kila neno. Leonida alitoka akiwa amekibeba kisanduku ndani ya kitambaa chake cha kufuma, cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Kwenye benchi la ofisi ya mabati Hezekia aliifungua skrubu ya kwanza, ya pili, akatoa diski mbovu na kuweka mpya. Kisanduku kikaamka. Kumbukumbu ikashuka hadi chini ya asilimia arobaini, ikatulia hapo. Kazi nzima haikumaliza muda wa maji ya chai kuchemka. Alitamani ingekuwa ngumu. Alitamani skrubu igome, kitu kivunjike, apate cha kusema.

Na sasa kila kitu kilikuwa sawa. Picha za kamera zilirudi. Kama angenyamaza, hakuna mwingine ambaye angejua kamwe. Leonida aliliona wazo hilo likipita usoni kwake.

"Kesho wanawake hatuingii ritongo," alisema. "Sitakuwepo kukukanyaga mguu."

Jumamosi wanaume walijaa kwenye uwanja ulio kando ya uzio wa shule. Maduhu alikalishwa chini mbele yao, jicho moja limevimba, mguu mbovu ameunyoosha. Mniko alisimama kusema, na alisema vizuri: juu ya jasho la wachimbaji, juu ya wageni wanaokaribishwa wakauma. Kisha akamtaja fundi kuwa shahidi. Hezekia akasimama.

"Wazee wangu, shikamooni."

"Marahaba. Sauti, mura!"

"Maduhu hakuzima kamera. Hakuna aliyeizima. Mlinzi wa chuma alijaa, akazikataa picha. Nilijua kwamba anajaa tangu masika. Diski ya kubadilisha nilikuwa nayo. Sikuibadilisha."

Uwanja ulivuma. Mniko alikunja uso. "Kwa nini hukuibadilisha?"

Hapo Hezekia alikuwa na nafasi ya kulimaliza jambo kwa uaminifu. Akalitafuta lile shuka.

"Kifaa kilikuwa kwa mzee. Chumba cha ndani. Na mimi... mimi ni mkwe."

Kicheko kikaanza nyuma, cha watu wanaoelewa. "Lo! Hapo kijana ana haki yake." "Angeingiaje? Angeingia na macho ameyafumba?" "Mwacheni, kaheshimu!" Mzee mmoja alitikisa kichwa kwa kumhurumia. Mzee Kisyeri alisimama, uso ukiwa umemkauka. "Nyumba yangu inazungumzwa ritongoni," alisema, akaondoka bila kugeuka nyuma. Hata hivyo wengine waliendelea kumtazama Hezekia kwa wema, na huo wema ulimchoma kuliko kama wangemtukana, maana alijua ameupata kwa hila.

"Basi," Mniko alisema, naye akionekana kufurahi kwamba hatalazimika kujilaumu. "Hakuna mwenye kosa. Ni mambo ya mila. Wezi tutawatafuta. Maduhu, inuka uende, umesamehewa."

Maduhu hakuinuka.

"Nimesamehewa nini?" aliuliza.

Kisha akamgeukia Hezekia.

"Mimi ya wakwe zenu siyajui sana. Kwetu nako wakwe wapo, tunawaheshimu. Ila fundi, nikuulize. Uliona sanduku linajaa. Ulimwambia nani?"

"Hapa Nyangoto sikumwambia mtu."

"Uliulizwa?"

"Niliulizwa na bosi wangu."

"Ukasemaje?"

"Nilisema nimeshatengeneza."

"Na hapa kwa mzee, uliulizwa kuhusu kamera?"

"Niliulizwa."

"Ukasemaje?"

"Nilisema kamera haijizimi."

"Sasa hapo," Maduhu alisema, bila hasira, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, "hapo mama mkwe yuko wapi?"

Wale waliokuwa wakicheka waliacha. Mtu aliyekuwa karibu na Hezekia alisogea pembeni kidogo, akaacha nafasi tupu kati yao. Hezekia alisimama peke yake na shati lake safi.

"Hayupo," alisema. "Hayupo kabisa. Ni mimi."

Maduhu alijiinua kwa rungu lake. "Haya. Hapa wamesikia. Lakini mimi niliitwa mwizi Kewanja sokoni, nikaitwa mwizi Kerende mwaloni. Kule hawakusikia. Jumatatu naondoka, nakwenda Geita, na habari za mtu zinafika Geita kabla yake. Utakwenda kusema?"

"Nitakwenda."

"Leo."

"Leo."

Hezekia alitaka kumtafutia pikipiki kwa ajili ya mguu. Maduhu alikataa. "Walinizomea nikiwa natembea. Wanione nikiwa natembea." Wakaenda polepole, Hezekia akiupunguza mwendo wake mpaka ukalingana na wa mtu mwenye mguu mbovu. Walipita mbele ya nyumba ya Mzee Kisyeri. Mlango ulikuwa umefungwa. Vijana wachache waliwafuata, wakanong'ona na kucheka, kisha wakaacha kucheka.

Sokoni Kewanja palikuwa pamejaa kama Jumamosi zote. Maduhu alichagua mahali palepale alipopigwa, kati ya wauza dagaa na meza za madalali wa dhahabu. Akamwonyesha Hezekia kwa kidole: simama hapa.

"Jamani," Hezekia alianza. "Kulikuwa na kifaa Nyangoto, kiliwekwa nyumbani kwa mkwe wangu, chumba cha..."

"Ya mama wa watu yaache," Maduhu alimkata. "Hayanihusu, wala hawa hayawahusu. Anza tena."

Mwanamke mmoja mwenye beseni la dagaa alicheka. "Mwanaume huyo hajui hata pa kuanzia!"

Hezekia akaanza tena. "Naitwa Hezekia Wangwe. Mimi ni fundi, nakaa Tarime. Nilikuwa na kazi ya kuangalia, nikaona, nikadanganya kwamba nimetengeneza. Nilipoulizwa nikanyamazia ukweli. Huyu Maduhu hakuiba. Alipigwa hapa kwa uongo wangu."

"Sema kwa nguvu, shemeji! Huku nyuma hatujasikia!"

Akasema tena. Dalali mmoja aliacha mizani yake akaja karibu, akamtazama Maduhu usoni, akamtazama jicho lililovimba, kisha akatazama chini. Alikuwa mmoja wa waliompiga. Hakuomba radhi. Alirudi mezani kwake, akaishika mizani bila kupima kitu.

Kerende walifika jua likiwa limeelekea magharibi. Kwenye mwalo mashine za kusaga mawe zilikuwa zikipiga kelele kiasi kwamba mtu hasikii hata sauti yake mwenyewe. Hezekia alifungua kinywa, akakifunga. Alimtazama Maduhu kwa tumaini dogo, kana kwamba kelele ile ingemwokoa na mara hii ya tatu.

Maduhu alitafuta jiwe, akakaa, akaunyoosha mguu.

"Tutasubiri zizime," alisema.

Wakasubiri. Watu wa mwalo waliwaona, wakaulizana kwa ishara. Baadhi yao walikuwa ndio waliorusha mawe. Habari za ritongo zilikuwa zimeanza kufika, kwa maana wengi waliacha koleo wakasogea, wakasimama duara na vumbi usoni. Hatimaye mwenye mashine akazima injini. Kelele ikakatika ghafla, na katika ukimya ule kila mtu alimgeukia Hezekia.

Hakuangalia chini. "Naitwa Hezekia Wangwe," alisema, kwa sauti ya kufika hadi nyuma, na Maduhu akavua kofia yake ili watu wote wauone vizuri uso wake.